Kuchagua Linux ya Seva: Mwongozo kwa Wenye Tovuti wa Eastlands

Haya ni maelezo yaliyotolewa kwa wafanyabiashara, walimu, viongozi wa vyama na vijana wa teknolojia wa mitaa ya Eastlands. Yamechapishwa hapa kikamilifu kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Kutoka Kaloleni na Maringo hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, biashara nyingi za Eastlands siku hizi zina anwani mbili. Ya kwanza ni ile ya mtaani, yaani jina la barabara, namba ya nyumba na stejini karibu na wapi. Ya pili ni tovuti. Fundi wa fanicha anaweka picha za makochi yake. Shule ya binafsi inaweka fomu ya kujiunga na kiasi cha karo. Kanisa linaweka ratiba ya ibada. Kikundi cha akina mama kinaweka namba ya kulipia mashuka na mapazia.

Nyuma ya tovuti hizo mara nyingi yupo kijana mmoja wa mtaa uo huo. Amekodi seva moja, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, na ndani yake amepangisha tovuti kumi au ishirini, kama vile mwenye ploti anavyopangisha vyumba. Wapangaji wanamlipa kila mwezi au kila mwaka. Wengi wao hawajawahi kumuuliza seva hiyo inaendeshwa na mfumo gani. Leo swali hilo linaulizwa hadharani, kwa sababu mlango mmoja ukivunjwa katika ploti hii, mwizi anaweza kuingia vyumba vyote.

Injini moja, bodi nyingi

Sehemu kubwa ya seva za tovuti duniani zinaendeshwa na Linux. Mfumo huu ulianza mwaka 1991, wakati Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alipouweka hadharani ili yeyote autumie, ausome na aurekebishe. Hakuna anayedaiwa leseni kwa kuutumia. Ndiyo maana kijana wa Kariobangi mwenye mtaji mdogo anaweza kufungua biashara ya kupangisha tovuti bila kununua mfumo kutoka kampuni yoyote.

Ugumu unaanza pale anapotaka kuiweka Linux kwenye seva. Anaulizwa: Linux gani? Orodha inamletea Ubuntu, Debian, AlmaLinux, Rocky Linux, Fedora na nyinginezo. Aina hizi wataalamu huziita distro.

Mkazi wa Eastlands anaweza kulielewa jambo hili kupitia matatu. Kampuni inauza chasisi na injini. Bodi, viti, madirisha na muziki hujengwa na mafundi tofauti, kila mmoja kwa mtindo wake. Magari mawili yenye injini ile ile yanaweza kuonekana kama hayana udugu wowote. Linux yenyewe ni ile injini. Distro ni gari zima likiwa tayari kupakia abiria: injini, bodi, vipuri, na fundi anayeahidi kulitunza kwa muda fulani. Anayechagua distro anachagua fundi na ahadi yake.

Koo mbili kuu

Kwa kazi ya tovuti, koo mbili ndizo zinazohitaji kujulikana.

Ukoo wa kwanza ni wa Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Haimilikiwi na kampuni, bali inatunzwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi. Kutoka kwa Debian ilizaliwa Ubuntu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mfanyabiashara kutoka Afrika Kusini. Jina ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, kupakua mfumo mzima kupitia intaneti ya setilaiti lilikuwa jambo la gharama na la kukesha. Wakati huo Ubuntu ilikuwa ikituma sidii za bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, popote duniani. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2011.

Ukoo wa pili ni wa Red Hat, kampuni ya Marekani inayouza mfumo wake pamoja na huduma ya msaada. Kwa miaka mingi, wenye seva wasio na uwezo wa kulipia walitumia CentOS, iliyokuwa nakala ya bure ya mfumo huo. Kampuni za kupangisha tovuti kote duniani ziliijenga biashara yao juu ya CentOS. Kilichoipata CentOS ndicho kinachofanya mazungumzo haya yawe ya lazima.

Somo la CentOS

CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, na waliotumia walitarajia kuitegemea hadi mwaka 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 lilitoka tangazo kwamba ingefikia mwisho tarehe 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ya matarajio ilikatwa. CentOS 7, iliyo nzee zaidi, iliachwa imalize muda wake, nao ukaisha tarehe 30 Juni 2024.

Mfumo ukifikia mwisho, seva haizimiki. Tovuti zinaendelea kufunguka, picha za makochi zinaonekana, na mwenye seva anaweza kudhani kwamba mambo ni shwari. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Kila kunapogunduliwa tundu katika programu, watunzaji wa distro hutoa kiraka na kutangaza tundu hilo. Tangazo hilo linasomwa na wema na wabaya. Wabaya wanaandika programu inayobisha hodi kwenye seva zote za dunia, moja baada ya nyingine, ikitafuta zile ambazo hazijazibwa. Programu hiyo haijui tofauti ya Kayole na London. Seva ambayo mfumo wake haupati tena viraka ina matundu yanayojulikana na kila mtu, na hakuna fundi wa kuyaziba.

Na hasara haiishii kwa mwenye seva. Tuseme mwizi ameingia kwenye tovuti ya shule na kubadilisha namba ya kulipia karo, akaweka yake. Ukurasa unaonekana kama kawaida. Mzazi aliyehangaika muhula mzima kutafuta pesa anatuma, anapata ujumbe wa kuthibitisha, kisha anaambiwa na mhasibu kwamba mtoto wake hajalipiwa. Au mwizi anaitumia seva hiyo kutuma barua pepe za utapeli, anwani yake ikaingizwa kwenye orodha nyeusi, na barua halali za wapangaji wote ishirini zikaanza kukataliwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye seva, wanaojenga ukuta mara nyingi ni watu ambao hawakujua kwamba kuna ufa.

Baada ya tangazo lile la CentOS, zilizaliwa distro mbili za kuziba pengo, zote mwaka 2021. AlmaLinux ilianzishwa na kampuni ya CloudLinux, na sasa inasimamiwa na wakfu usio wa kibiashara. Rocky Linux ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, aliyeipa jina la mwenzake marehemu, Rocky McGaugh. Zote mbili ni za bure, na kila toleo lao kuu linaahidiwa viraka kwa takriban miaka kumi.

Maswali matano kabla ya kuchagua

Swali la kwanza: viraka vitakoma lini? Hili ndilo linalotangulia mengine yote. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili. Matoleo hayo yana herufi LTS baada ya namba, na hupewa viraka kwa miaka mitano. Ubuntu 22.04 inafika mwaka 2027, na 24.04 inafika 2029. Matoleo ya katikati, yasiyo na herufi hizo, hupewa miezi tisa tu na hayafai kupangishia mtu. Debian hupata takriban miaka mitano ukijumlisha kipindi cha nyongeza: Debian 12, iliyotoka Juni 2023, inafika 2028, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inafika 2030. AlmaLinux 9 na Rocky Linux 9 zinafika 2032. Fedora ni nzuri kwa anayetaka kujaribu mambo mapya, lakini kila toleo lake hutunzwa kwa takriban miezi kumi na tatu. Mwenye wapangaji ishirini hataki kuhamisha ploti nzima kila mwaka.

Swali la pili: nani atasaidia ikiharibika saa nane za usiku? Koo hizi mbili zinatofautiana katika mambo madogo yanayomchanganya anayejifunza. Kusakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu hutumia amri ya apt, na kwenye AlmaLinux na Rocky hutumia dnf. Programu ya kuhudumia tovuti iitwayo Apache huitwa apache2 upande mmoja na httpd upande wa pili. Kijana anayefuata maelezo ya ukoo mwingine atapoteza usiku mzima akitafuta faili ambalo halipo. Kwa hiyo, ikiwa jirani anayeweza kusaidia anaijua Ubuntu vizuri, hiyo ni sababu nzito ya kuchagua Ubuntu. Hata mwenye matatu hununua gari ambalo fundi wa karibu analijua na vipuri vyake vinapatikana.

Swali la tatu: je, wapangaji watahitaji paneli ya kubofya? Wateja wengi wanataka kuunda barua pepe na kupakia faili bila kuandika amri. Paneli inayojulikana zaidi ni cPanel. Inalipiwa kila mwezi, bei yake iko kwa dola, na huhitaji seva yenye kumbukumbu ya angalau GB 2. Kwa miaka mingi cPanel ilitegemea ukoo wa Red Hat, na siku hizi inakubali AlmaLinux, Rocky Linux na pia baadhi ya matoleo ya LTS ya Ubuntu. Haikubali Debian. Anayejua kwamba atauza huduma yenye paneli hiyo aangalie kwanza orodha ya matoleo yanayokubaliwa, kisha ndipo achague distro. Akifanya kinyume, ataanza upya.

Swali la nne: mashine ina nguvu gani? Linux ni ya bure, lakini seva inalipiwa, na mara nyingi kwa dola. Shilingi ikishuka, kodi inapanda bila mwenye seva kufanya lolote. Debian iliyosakinishwa bila madirisha na picha inaweza kuhudumia tovuti chache kwenye seva ndogo yenye kumbukumbu ya MB 512, na humwezesha mtu kuanza kwa gharama ya chini. Wapo pia wanaojifunzia nyumbani kwa kompyuta zilizotumika, zile zinazouzwa katikati ya jiji. Hao wajue kwamba Rocky Linux 10 haikubali prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2013 hivi. AlmaLinux 10 imetengeneza toleo la ziada kwa prosesa za namna hiyo. Debian 13 nayo haitoi tena kisakinishi cha kawaida cha kompyuta za biti 32. Kompyuta ya elfu chache si nafuu ikiwa haiwezi kupokea mfumo unaopata viraka.

Swali la tano: tovuti zenyewe zinahitaji nini? Tovuti nyingi za biashara ndogo zimejengwa kwa WordPress, inayotumia lugha ya PHP. Kila distro huja na toleo lake la PHP: Debian 12 ina 8.2, Ubuntu 24.04 ina 8.3, na Debian 13 ina 8.4. Tovuti iliyoandikwa zamani ikihamishiwa kwenye PHP mpya inaweza kukataa kufunguka. Dawa yake ni kuirekebisha tovuti. Kuiacha seva nzima kwenye mfumo uliokwisha muda kwa sababu ya mpangaji mmoja ni kuwaweka wengine kumi na tisa hatarini.

Mifano mitatu

Kijana wa Umoja anayeanza, mwenye tovuti nne au tano na asiyehitaji paneli, achukue Ubuntu ya LTS au Debian. Kati ya hizo mbili, Ubuntu ina maelezo mengi zaidi kwa anayejifunza, na kampuni iliyo nyuma yake huruhusu mtu binafsi kupata viraka vya hadi miaka kumi kwa mashine zisizozidi tano bila malipo. Debian ni nyepesi, haibadilikibadiliki, na haina mwenye kampuni anayeweza kuamka siku moja akabadilisha mawazo.

Kampuni ndogo ya Buruburu yenye wateja hamsini wanaotaka cPanel itafute AlmaLinux. Rocky Linux pia inafaa. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kwa kazi hii, na kuzijadili kwa wiki mbili ni kupoteza muda ambao ungetumika kutengeneza nakala za akiba.

Shule ya Donholm yenye tovuti moja na mwalimu mmoja wa kompyuta huenda isihitaji seva yake yenyewe kabisa. Kukodi nafasi kwa kampuni inayotunza seva kunatosha. Lakini mwalimu mkuu ana haki ya kuuliza: seva yetu inatumia mfumo gani, toleo gani, na viraka vyake vinakoma lini? Kampuni inayoijua kazi yake itajibu kwa sentensi moja. Ikishindwa kujibu, hilo nalo ni jibu.

Vijana wengi huuliza kuhusu Kali Linux kwa sababu wameiona kwenye video. Kali imetengenezwa kwa kazi ya kupima usalama. Haikukusudiwa kupangisha tovuti za watu. Na anayeitumia kuingia kwenye mfumo wa mtu mwingine bila idhini anavunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018.

Sheria inasemaje

Tovuti ya shule au ya zahanati huhifadhi majina, namba za simu na wakati mwingine tarehe za kuzaliwa. Hizo ni data za watu, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chini ya sheria hiyo, shule inayoamua data itumikeje ni mdhibiti. Kijana anayeitunza kwenye seva yake kwa niaba ya shule ni mchakataji. Data ikiibwa na wahusika wakawa katika hatari ya kudhurika, mchakataji anatakiwa kumjulisha mdhibiti bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48 tangu ajue. Mdhibiti naye anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na kuwajulisha wenye data.

Saa 48 ni siku mbili. Kijana asiyejua seva yake inatumia mfumo gani atazimaliza akitafuta chanzo. Na akiulizwa alichukua hatua gani za kulinda data hizo, mfumo uliokwisha muda tangu 2024 utamweka mahali pabaya.

Mambo ya kufanya wiki hii

Kwanza, mwenye seva aingie na aandike amri hii: cat /etc/os-release. Itamwonyesha jina la distro na namba ya toleo. Ni kazi ya dakika moja.

Pili, aandike kwenye daftari jina hilo, namba hiyo na tarehe ambayo viraka vitakoma, kutoka kwenye tovuti rasmi ya distro yenyewe. Apange kuhama miezi sita kabla ya tarehe hiyo, wala si wiki moja baada yake.

Tatu, awashe masasisho ya usalama ya kujiendesha. Kwenye Debian na Ubuntu programu yake inaitwa unattended-upgrades, na kwenye AlmaLinux na Rocky ni dnf-automatic.

Nne, asizime kinga iliyokuja na mfumo. AlmaLinux na Rocky huja na SELinux, Debian na Ubuntu huja na AppArmor. Maelezo mengi ya haraka humshauri mtu azime SELinux pale tovuti inapogoma. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekwama.

Tano, awe na nakala ya akiba ya kila tovuti nje ya seva hiyo, na ajaribu kuirudisha angalau mara moja. Nakala isiyowahi kujaribiwa haijulikani kama ni nakala.

Sita, aliye bado kwenye CentOS 7 ahame. Kipo kifaa kiitwacho ELevate cha kumvusha hadi AlmaLinux bila kubadilisha seva. Hata hivyo, njia salama zaidi ni kukodi seva mpya, kuhamisha tovuti moja moja huku ile ya zamani ikiendelea kufanya kazi, kisha kuifunga ya zamani mwishoni. Kuna mwezi mmoja wa kulipa kodi mara mbili, na gharama hiyo ielezwe kwa wapangaji mapema.

Kwa upande wao, wapangaji wasikasirike wakiambiwa tovuti zao zitazimwa kwa saa mbili usiku ili seva ihamishwe. Wampe pole kijana atakayekesha, na wamlipe kwa wakati. Anayelipa shilingi chache kwa mwaka na kudai usalama wa benki anajidanganya, na anayepokea pesa za watu ishirini bila kujua tarehe ya mwisho ya mfumo wake anawadanganya wao.

Baada ya maelezo haya yapo maswali. Aliyekuja na kipakatalishi chake akiwashe, aingie kwenye seva yake, na amri ile ya kwanza iandikwe papa hapa. Atakayekuta jina la CentOS asione haya kuinua mkono, kwa kuwa wenzake waliowahi kuhama wapo humu ndani na wanaweza kumwelekeza.